Kodi ya Vyumba vya Marehemu Muyisa

Agar Kaswera alikuwa mwalimu wa darasa la pili huko Butembo, mwanamke wa maneno machache. Baba yake, mzee Muyisa, alipofariki aliacha vyumba vinne vya maduka karibu na soko, pamoja na agizo moja: fedha yote ya wapangaji igawanywe kwa watoto, kisibaki kitu. Jamaa wakamchagua Agar kuwa liquidatrice, yaani msimamizi wa urithi.

Kila miezi mitatu aligawa mafungu matatu: lake, la kaka yake Onésime aliyekuwa mchungaji Beni, na la mdogo wao Phinées, mnunuzi wa kakao kule Oicha. Mwaka ulipoisha, barua ya kodi ya serikali ikafika. Sandukuni hamkuwa na kitu. Akampigia Phinées simu.

“Yangu nilisha kula, yaya,” Phinées alimjibu dada yake. “Liquidatrice njo wewe. Lipa.”

Agar akauza shamba la viazi aliloachiwa na mama yao kule Masereka, akalipa. Hakumlalamikia mtu. Ila palepale kwenye bureau ya kodi alimuuliza mama aliyekuwa akiandika risiti:

“Siye tunagawanyaka yote. Sasa kodi itoke wapi?”

“Kodi haiulizake kama mulisha kula, mama. Muangalie ile mulilipa mwaka huu, mukadirie ya mwaka unakuya. Mulete kidogo kidogo, mbele ya kugawanya.”

Akaita kikao na ndugu zake, akapendekeza kodi ikatwe kabla ya kugawa. Onésime akakubali mara moja. Phinées akakataa.

“Baba alisema yote! Unataka kutuiba na makaratasi?”

Neno lile lilimchoma Agar, maana shamba la Masereka hakuwa amelitaja.

“Muzuri,” akasema. “Twaa fungu yako nzima. Lakini utie sinyatire hapa: kodi yake iko juu yako.”

Phinées akatia sahihi, na hakulipa. Kwa bureau, deni lilikuwa la jina moja tu, la marehemu. Mwezi wa sita maajenti wa kodi wakaja wakabandika scellés, karatasi za kufungia, kwenye mlango wa chumba cha farmasi. Bénite, mpangaji wake, akahamisha dawa zake mtaa mwingine. Chumba kikakaa miezi mitano bila mtu, na fungu la kila mmoja likapungua, hata la Onésime aliyekatwa kodi yake yote.

Hatimaye Phinées alishuka Butembo, akalipa kodi na faini, akarudi Oicha bila kufika kwa dada yake hata kunywa chai.

Mwisho wa mwaka, kikaoni, Agar akaomba kuacha kazi ile. Onésime akauliza nani ataishika.

“Yaya aendelee,” Phinées akasema, uso ukiwa dirishani. “Na kodi yangu ikatwe mbele ya kugawanya.”

Hakuomba msamaha, wala Agar hakuungoja. Aliandika azimio, akawasomea, wote watatu wakatia sinyatire. Kisha akaenda zake shuleni, kwani watoto wa darasa la pili walikuwa na mtihani wa hesabu.