Maji ya Kusuuza

Kwa ofisi yenye nafagia, tumeambiwa tusimwage maji ya kuoshea vikombe, tumwagie maua. Hiyo harufu ya sabuni ya kipande ikanirudisha kwetu Naitiri.

Mama alikuwa anaacha maji ya kusuuza nguo kwa karai. Jioni akitoka kupalilia mahindi ya watu, anaosha nayo miguu, halafu anamwagia mboga ya sukuma. Siku moja nikaimwaga yote, ati nasafisha boma.

Akarudi, akaangalia karai. "Maji yangu iko wapi?"

"Si ilikuwa chafu, mama."

"Chafu kushinda wewe? Na wewe si nimekuweka?"

Nikacheka. Yeye akachukua mtungi, mgongo umepinda, akaanza kushuka mtoni.

"Nikusaidie, mama?"

"Enda ucheze."

Nikaenda, nikacheza.