Jiwe la Msalaba Uani kwa Shangazi

Kila Ijumaa nilitoka Ansab, viungani mwa Maskati, kwenda mji wa pwani wa Qurayyat kumjulia hali shangazi yangu. Uani kwake, ukutani karibu na kisima, palikuwa na jiwe kuukuu lililochongwa msalaba wenye mikono iliyotanuka nchani. Wazee wa mtaa walilikuta hapo, na wazee wao pia. Shangazi alilipenda mno. Idi ikikaribia alilipaka mafuta ya nazi, kama walivyokuwa wakiupaka mlango wao wa nakshi Unguja kabla hawajakimbilia huku, mpaka jiwe likawa jeusi linang'ara. Nani angemkanya? Shangazi haambiliki.

Mwanawe alitaka kuvunja ukuta ule ajenge banda la gari. Msalaba katika nyumba ya Waislamu wa nini, alisema, bora ufukiwe.

"Jiwe limetutangulia hapa," shangazi akamjibu. "Tulipokuja sisi lilitufukuza? Basi na weye liwache."

Lakini alimjua mwanawe. Kwa hiyo akawapigia simu watu wa mambo ya kale, ilhali anajua watalichukua. Nilimstahi siku ile kuliko siku zote.

Akaja mtaalamu, binti wa watu wa Unguja kama sisi. Mwenye macho haambiwi tazama: alisimama mbele ya jiwe, kahawa ikampoa mkononi. Alisema ni la kale sana, la zama ambazo Wakristo waliishi pwani hizi. Kisha akaligusa, akanusa kidole.

"Bi mkubwa, mmelipaka nini?"

"Mafuta ya nazi, mwanangu. Lisipasuke."

"Jiwe si mlango. Mafuta yameingia ndani, kuyatoa itakuwa kazi."

Shangazi akainama kwa haya. Yule binti akamshika mkono. "Lakini ungelikuwa hulipendi, leo nisingelikuta."

Wakalipeleka Maskati. Baada ya miezi kadhaa nikampeleka shangazi kwenye jumba la makumbusho. Jiwe lilikuwa limesafishwa, limemulikwa taa, kila mkato wa patasi unaonekana.

Shangazi alilitazama, machozi yanamtoka, kisha akalisogelea.

"Nnajua," akalinong'oneza. "Na mimi walinitoa kwetu, nikadhani ntakufa. Sikufa. Nimezoea."