Koki ya Etyang Inayofunga kwa Mvuto Mmoja

Saa moja asubuhi, Paulinus Etyang anajaza maji kwenye pipa katika karakana yake ya mabati mjini Malaba. Anafungua koki ya chuma aliyoitengeneza mwenyewe, na maji yanatoka kwa nguvu. Anavuta mkono wa koki mara moja. Maji yanakatika.

"Ona hapo," anasema, bila kutabasamu.

Ndani mna kiwambo cha mpira, kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Mkono ukivutwa, mpira unashuka na kuziba njia.

Etyang, mwenye umri wa miaka 47, alikuwa mfanyakazi wa bohari ya mafuta, akijaza malori yanayovuka kwenda Uganda. Mdogo wake, Emukule, alikuwa pamoja naye.

Machi 1976, miaka miwili iliyopita, mpira wa kujazia mafuta ulipasuka, petroli ikatapakaa. Etyang, aliyekuwa juu ya lori, alimwambia mdogo wake akafunge koki. Ilihitaji kuzungushwa mara kumi na moja. Emukule alikuwa amefikisha saba moto uliposhika. Alifariki siku ya tatu.

"Alikuwa ameshakimbia mpaka barabarani," Etyang anasema. "Alirudi kwa sababu ni mimi nimesema."

Hakurejea tena kazini. Siku hizi anatengeneza plau na baiskeli, na kila Jumapili baada ya kanisa anashughulikia koki yake.

Kiwambo cha kwanza alikikata kutoka tyubu ya gari. Petroli ilikivimbisha, kikavuja kabla wiki haijaisha. Cha sasa, chenye kitambaa ndani, aliletewa na dereva kutoka Mombasa. Kimekaa kwenye petroli miezi minne bila kuharibika.

Mwenye bohari aliitazama koki hiyo, akasema hawezi kutumia kitu ambacho hakuna mhandisi aliyekipima.

Apolot, mjane wa Emukule, alikuja kuiona mara moja tu. Aliuvuta mkono, akayatazama maji yakikatika.

"Shemeji," aliuliza, "kwani hii haingetengenezwa mapema?"

Etyang alimsindikiza hadi njia ya kwenda Kocholia, wakaagana.

Mwezi ujao anakusudia kupanda treni hadi Nairobi, koki ikiwa ndani ya gunia, akaombe wahandisi waipime.

"Sitaki waiite kwa jina langu," anasema. "Nataka tu mtu akishaifunga, abaki na muda wa kukimbia."