Emilian na Binti Aliyerudi na Sura Nyingine

Watu waliokaa kambi ya Lukole wakimtaja Emilian siku hizi humalizia kwa kutema mate. Mimi nawaacha wateme. Hawajui kwamba nusu ya mate hayo ni haki yangu.

Emilian alizaliwa Kaniha, kwa wakulima wa mihogo. Mapadri walimsomesha mpaka kidato cha tatu, kisha wakamrudisha nyumbani kwa sababu ya mdomo. Alikuwa akibishana hata na ratiba ya chakula. Lakini Kiingereza alikijua, na mwaka tisini na nne, wakimbizi walipomiminika na wazungu wakajaa Ngara, Kiingereza kilikuwa shamba tosha. Akapata kazi kwa nesi mmoja Mwingereza, akimpikia na kumtafsiria. Kila mwezi mama yake nesi alimtumia mwanawe kanda za video kutoka kwao. Ulikuwa mchezo wa kuigiza wa mtaa mmoja, una baa na soko, watu wanaoana, wanaachana, wananuniana, na hauishi. Nesi alipomaliza mkataba alimwachia Emilian katoni nzima, mchezo wa mwaka mzima. Akaja nayo moja kwa moja kwangu.

Mimi na mume wangu Suleman tulikuwa na banda la video pembeni ya soko la kambi. Kwetu ni watu wa biashara tangu babu alipopanda kutoka pwani, na mtu wa biashara haambiwi mara mbili. Kila alasiri, isipokuwa siku ya posho, tuliwasha jenereta. Emilian alisimama kando ya televisheni na kifimbo chake, akayasema kwa Kiswahili yote waliyosema wale Waingereza. Majina yao yalimchosha, akawabatiza upya. Mwenye baa akawa Mzee Wiston. Mwanamke muuza nguo akawa Mama Limi, na binti yake, kigori mwenye madoadoa usoni, akawa Limi.

Kanda tulizozoea kuonyesha zilikuwa za vita na mateke, na hizo kila mtu alijua ni maigizo. Hizi za watu wanaokunywa chai na kusengenyana walidhani ni watu wenyewe, kamera imewekwa tu mtaani kwao. Hakuna aliyewaambia vinginevyo. Mama Limi alipougua, wanawake wa Kirundi walimchangia unga. Kweli kabisa, waliuleta kwa Emilian ampelekee. Tulicheka, halafu tukaula.

Katika wanawake hao alikuwapo Niragira. Alikimbia Burundi mwaka tisini na tatu kupitia mpakani Kabanga, na usiku ule wa kukimbia akapotezana na binti yake Spesioza, wa miaka mitano. Palikuwa na ofisi kambini ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi. Walibandika picha za watoto kwenye ubao mrefu. Kila Jumatatu Niragira aliupitia ubao ule, picha moja moja, miaka minne. Akitoka hapo huja kukaa benchi langu la mbele. Hakuwa na jambo lingine duniani, ni mtoto tu.

Sasa, katikati ya mwaka ule wa kwenye kanda, mambo yakaanza kupinda. Mzee Wiston akatoweka bila kuaga. Emilian akasema kaenda kutibiwa. Mwenye duka, mtu mpole, ghafla akawa mwizi. Emilian akasema ndiyo dunia hiyo. Kisha Limi akatoroka kwao. Kanda nne hatukumwona. Aliporudi alikuwa msichana mwingine kabisa, mrefu, pua nyingine, madoadoa hakuna. Na Mama Limi akamkumbatia mlangoni akilia.

Banda zima likasimama. Huyu siye, wakasema. Mnatudanganya, huyu siye.

Nikasimamisha kanda, nikamvuta Emilian nyuma, kwenye jenereta.

"Nini hiki?"

"Nesi alinieleza," akasema. "Mwigizaji akiacha kazi wanaweka mwingine. Jina ni lile lile, mtu ni mwingine. Niwaambie?"

"Uwaambie wamemchangia unga mtu wa mshahara? Kesho nani atakuja? Sema ni yeye."

Akanitazama, akarudi mbele. Nilimsikia akisafisha koo. Akasema, "Ndugu zangu, mtoto akilelewa na wengine hubadilika. Sura hufuata jiko. Amekula vya watu, amepata sura ya watu. Lakini ni Limi."

Niragira akauliza kutoka benchi la mbele, "Mwalimu, sasa mama yake alimjuaje?"

"Damu, mama. Damu ndiyo iliyomwambia."

Watu wakaketi. Nami nikashukuru, Mungu anisamehe, nikawasha tena.

Jumatatu iliyofuata Niragira alikwenda ubaoni akaonyesha kwa kidole picha ya msichana ambaye siku zote alikuwa akimpita. Mtoto huyo aliokotwa mdogo, hakujua kilima chao, ndicho kijiji kwa Warundi, wala jina la baba. Walezi wake katika kambi moja upande wa Biharamulo walimwita Irine. Ofisi ikauliza maswali. Majirani wawili wakaapa ni yeye, nao walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yangu. Mtoto alipoletwa na kuulizwa kama huyu ni mama yake, akasema ndiyo. Angesema nini? Miaka minne hakuna aliyemtaka.

Niragira akapika maharage, akaita watu. Mimi nilipeleka sukari. Emilian alikaribishwa mkeka wa wazee, akaombwa kula kwanza. Hakumeza. Alinifuata nje.

"Raya, nikamwambie?"

"Umwambie nini? Mama kapata mtoto, mtoto kapata mama. Wewe umepungukiwa nini?"

"Na wa kwake?"

"Wa kwake yuko wapi? Miaka minne. Kaa kimya."

Akakaa kimya. Mtu mbishi yule, mara hiyo moja nilitaka anibishie, hakunibishia.

Mwaka haukuisha. Karani wa ile ofisi alikuja kwa Niragira na daftari kubwa, naye Niragira akatuma niitwe nimsaidie kusikia Kiswahili cha ofisini. Karani alisema katika kambi nyingine alitokea msichana wa miaka tisa, anajua jina la mama, anajua kilima, ana alama ya moto begani. Jina lake Spesioza. Alifika kuuliza mara mbili. Mara zote mbili walifungua daftari, wakaona Niragira wa kilima hicho ameshapata mtoto wake, wakadhani binti ametumwa na watu wanaotafuta kadi ya pili ya posho. Wakampandisha lori pamoja na yatima waliorudishwa Burundi. Na huko alikopelekwa, karani akasema, kumechomwa, na orodha haipo.

Niragira hakulia. Aliuliza tu kama alama ilikuwa bega la kushoto. Karani akasoma, akasema ndiyo, la kushoto.

Jioni ile alikuja bandani, akamuuliza Emilian mbele ya watu kuhusu Limi. Emilian akamweleza yote: wasichana wawili, kazi ya mshahara, wala hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mwanamke yule. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Hakusema kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Nami sikusema.

Emilian aliacha ukalimani wiki hiyo hiyo, akarudi Kaniha kulima. Mzungu akipita kuuliza njia, hujifanya hajui neno.

Niragira hakumfukuza yule mtoto, wala hakumwambia. Alimsuka, alimpeleka shule ya kambi. Ila Jumatatu alianza tena kwenda ubaoni, peke yake.

Siku moja yule msichana alikuja dukani kwangu kununua chumvi. Alikuwa na adabu sana, mtoto yule, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Shikamoo, Mama Taufiki."

"Marahaba, mwanangu."

Alisimama akiishika chumvi yake, haondoki.

"Mama Taufiki, mimi si nimeshapatikana?"

"Umeshapatikana."

"Sasa Jumatatu mama anamtafuta nani?"