Tonge la Bwana Mengesha

Siku hizi kahawa yangu naichemshia nje ya geti, kwenye vumbi la Kaliti hapa Addis, na sijuti hata chembe. Zamani nilikaa ndani ya yadi, kwenye kibanda cha mabati kando ya ofisi ya meneja, nikiwapikia watu waliokuja kununua malori. Nilikuwa na kivuli, nilikuwa na bomba la maji. Lakini kuna mambo, jamani, mtu akiyaona kila wiki hata uji haupiti kooni. Sitazungusha maneno. Yule meneja, Bwana Mengesha, ananitia kinyaa.

Wengine wanamsifu. Ametoka mbali, wanasema, na ni kweli. Alikuja Addis kutoka Dejen, ng'ambo ya bonde la mto Abay, hana hata viatu, akaanza kwa kuosha malori pale soko la Merkato kwenye mtaa wa matairi. Baadaye akawa dalali. Udalali ndio uliomfunza kazi: kumsifia mtu ng'ombe zake kabla hujamuuliza anataka gari gani, kulia naye misiba yake, kumvisha kilemba cha ukoka mpaka shingo ipinde. Kampuni ya malori ilipofungua yadi Kaliti, ikamchukua auze, naye akauza kuliko wote. Wakampa umeneja na ofisi yenye zulia. Pete ya dhahabu alijinunulia mwenyewe.

Tonge ndilo lililomfikisha hapo, maana kwetu kumlisha mgeni kwa mkono wako ni heshima. Wauzaji wengine huanza na karatasi, chakula baadaye. Mengesha alianza na chakula. Kondoo anachinjwa mbele ya lori, damu inapakwa kwenye matairi, mimi naandaa nyama mbichi kwa siagi na pilipili, na yeye anakunja mikono ya shati. Anafinyanga tonge kubwa la nyama ndani ya injera, ule mkate wetu mwembamba, anamsukumia mnunuzi mdomoni mpaka ile pete inagonga meno. Mtu bado anatafuna, macho yanamtoka, ndipo karatasi zinawekwa mezani atie saini.

Aliniambia mwenyewe siku moja, huku anajichokonoa meno, "Etagegn dada yangu, mwenye chakula chako mdomoni huona haya kusoma."

Akacheka peke yake. Siagi ilikuwa imemganda chini ya kucha. Ptuu!

Na huyu ni mtu wa kufunga, msimwone hivyo! Jumatano na Ijumaa, siku za mfungo wa kanisa letu, haonji maziwa, hagusi yai. Nikimpa kikombe kilichonywewa maziwa jana yake, anakirudisha nikakioshe tena. Tone la maziwa ndilo linalomtisha.

Basi mwaka jana, baada ya mvua, likaletwa lori jekundu likiburutwa. Lilikuwa limekatika breki kwenye mteremko wa Abay, likajibamiza kwenye mwamba, dereva akafa. Chesisi ilikatika kama muwa. Wakaichomelea nyuma ya yadi, wakapuliza rangi ya buluu juu ya ile nyekundu, na fundi aliyeichomelea alikataa kuliendesha hata kufika getini. Mimi nikaitwa kusugua kiti.

"Harufu inafukuza wateja," akasema Mengesha, leso puani.

Chini ya kiti nikakuta ndala moja ya marehemu. Nilitapika palepale, sabuni mkononi. Unajua alisema nini? Alisema nifanye haraka, kuna wageni ofisini wanataka kahawa.

Lori lile likakaa mstari wa mbele likimeta, na Alhamisi moja akaingia Mzee Tibebu. Mzee huyu alitoka Dejen na fimbo yake na shuka nyeupe begani. Ndiye aliyempakata Mengesha siku alipobatizwa, na kwetu aliyekushika juu ya maji ya ubatizo ni baba yako mpaka kaburini. Alikuwa ameuza ng'ombe wote apate lori la kuleta vitunguu mjini, yeye mwenyewe akiwa ndani na mwanawe wa kumzaa akiendesha. Kwa hiyo kila wiki wangeteremka bonde lile, kwenda na kurudi.

"Nimekuja kwa mtoto wangu," akaniambia, anapuliza kahawa. "Kwa wengine wataniibia, mama."

Moyo ulinipasuka. Nikajipa matumaini, mjinga mimi: huyu hatamfanyia. Hata mchawi ana mtu anayemwonea huruma. Nikakaa natazama. Mengesha akamkumbatia mzee, akambusu mabegani, akatoa machozi ya kweli kabisa, kisha akamshika mkono akampeleka kwenye lori la buluu.

Mtasema, si ungemwambia tu, Etagegn? Nilishawahi kumwonya mnunuzi mmoja habari ya lori lenye giaboksi mbovu. Alimwendea Mengesha mbio, wakanicheka wote wawili. "Fitina za mwanamke wa kahawa!" Akalinunua. Na huyu mzee angemwamini nani, mimi au mtoto wake?

Nilipommiminia kikombe cha pili, nikamwinamia.

"Baba, kwenu lori jipya linaingia kijijini bila aliyeliuza?"

"Vipi, mama?"

"Mwambie akusindikize. Akae ndani na wewe mpaka Dejen. Si mtoto wako?"

Uso wa mzee ukachanua. "Umenikumbusha jambo la maana!"

Chakula kikaletwa. Wafanyakazi wote wamesimama kuzunguka sinia, kalamu iko tayari mezani. Mengesha akamlisha mzee tonge la kwanza, akafinyanga la pili. Tonge moja hugombanisha, kila mtoto analijua hilo, la pili ndilo linaloondoa mkosi. Mzee akamdaka kifundo cha mkono.

"Ngoja, mwanangu. Hili la pili utanilishia Dejen. Panda twende, unisindikize. Mama zako watachinja wakikuona."

"Leo, baba?" Mengesha akatabasamu. "Leo nina kikao."

"Nitalala hapa. Twende kesho."

"Kesho... mgongo wangu, baba. Daktari kanikataza malori."

"Si umeniambia kiti ni laini kama pamba?"

Wafanyakazi wakacheka. Mengesha naye akacheka, lakini jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo.

"Sikiliza, baba. Wewe tangulia na lori lako, mimi nitakufuata nyuma na gari dogo."

"Nyuma?"

"Karibu kabisa! Hatua mbili tatu tu."

"Tukiteremka Abay, utakuwa nyuma."

"Ndiyo, baba."

"Mbona hutaki kukaa na mimi?"

Kicheko kikakatika. Fundi wa kuchomelea akainamisha kichwa. Mzee akamtazama fundi, akalitazama lori, akamrudia Mengesha. Wazee wa Dejen wamezika madereva wengi.

"Wanaofuata nyuma ni wa mazishi," akasema.

Dakika ile Mengesha alikuwa na nafasi ya kusema kweli, Mungu ni shahidi yangu, nafasi nzima mbele yake! Angesema, "Baba, nisamehe, chukua lile jingine." Badala yake akaanza, "Baba, hili gari lina dhamana ya kampuni..."

Mzee akamwachia mkono. Akachukua ncha ya shuka yake akafuta mdomo, akafuta tena, akaendelea kufuta ingawa haukuwa na kitu.

"Nilikushika juu ya maji," akasema, "na sikukuachia."

Kalamu aliiacha palepale mezani, akaokota fimbo yake akatoka getini na lile tonge moja tumboni. Mimi nililia bila aibu, machozi yakaingia kwenye moto wa kahawa.

Na yeye Mengesha? Ungedhani ardhi ingemmeza. Wapi! Alisimama na tonge lake mkononi, siagi inamchuruzika mpaka kwenye saa, akatuzungushia macho, akaona tunavyomtazama. Kisha akapiga kicheko chake cha udalali akanijia.

"Wazee bwana! Haya Etagegn dada yangu, chakula cha watu kisiharibike. Fungua mdomo."

Tonge likafika mbele ya midomo yangu. Lilinuka siagi, na mimi nikasikia harufu ya kile kiti. Mbele za watu, kukataa tonge ni kumtemea mtu usoni, na yeye alilijua hilo vizuri.

"Nimefunga," nikasema.

"Umefunga nini? Leo Alhamisi!"

"Najua," nikamwambia, nikabeba jiko langu nikatoka nje ya geti.