Nane Hadi Ishirini

Mohdhar wa Mkomani, mtaa wa mji wa Amu, alikuwa fundi wa kupaka chokaa, na kwa kazi hiyo Mungu alikuwa amemkata kwa kipimo chake. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa mtaa. Pale wenzake walipoitisha ngazi, yeye alinyoosha mkono na brashi ikafika kwenye boriti. Lakini alikuwa na miaka thelathini na uso wake ulikuwa mlaini kama wa mtoto wa chuo cha Kurani, na akipiga hodi mlangoni, waliokuwa ndani walijibu, "Karibu, Bi."

Watu wa baraza walimpa jina la Kidevu. Idi moja wakamtumia wembe mpya, umefungwa vizuri kwa utepe mwekundu, na mzee aliyeupeleka akaambiwa asiondoke mpaka amwone Bwana Mohdhar akiufungua. Mohdhar aliufungua, akasema ahsanta, akauweka mfukoni. Wakacheka hadi sala ya adhuhuri.

Hindu alijua yote hayo alipoolewa naye. Alikuwa mjane wa miaka ishirini na nne. Mume wake wa kwanza alikufa kwa homa baada ya miezi saba ya ndoa, na katika miezi hiyo saba alimpiga karibu kila Ijumaa. Mohdhar hakumpiga. Mohdhar alikuna nazi kabla yeye hajaamka, alimpakia chokaa chumba kizima peke yake akiimba kwa ile sauti yake nyembamba, na usiku alilala ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyepanda chombo cha watu bila nauli. Mwaka ukapita hivyo, ukapita wa pili. Hindu alijiambia kuwa ni biashara ya haki: hakupata cha kitandani, lakini hakupata kofi pia.

Aliyeharibu mambo ni mama yake, Bi Alawiya. Alimbana bintiye kwa maswali mpaka akapata jibu, kisha akapiga kofi godoro.

"Miaka miwili! Na wewe umenyamaa!"

"Ni mtu mwema, mama."

"Mwema, mwema! Mume si kanzu, mwanangu. Kanzu hata msumari huvaa."

Mwaka wa sitini na sita Bi Alawiya akamburura Hindu mpaka kwa kadhi kudai ndoa ivunjwe. Kadhi alikuwa mtu wa taratibu. Alimuuliza Mohdhar kama mkewe asema kweli, na Mohdhar akatikisa kichwa kuitikia, maana angesema neno, sauti yake ingekuwa shahidi wa pili. Kadhi akamwambia kuwa sheria inampa muhula wa mwaka mmoja: joto limpitie na baridi impitie, kiangazi na mvua, huenda maradhi yake ni ya majira. Mwaka ukitimia na asiwe amemfikia mkewe, ndoa itafutwa.

Nje, mlangoni pa kadhi, mtu mmoja akauliza kwa sauti kubwa kama mvua hiyo itamwotesha ndevu pia.

Ni Hindu aliyempeleka hospitali, nusu ya muhula ikiwa imekwisha. Alikuwa amesikia kuna daktari mpya kutoka bara, Daktari Rufus, kijana aliyesoma Makerere na asiyecheka na wagonjwa. Mohdhar alikataa wiki tatu. Ya nne akaenda, Hindu akiwa nyuma yake ndani ya buibui.

Daktari Rufus alimpima urefu, alimpima mikono, kisha akamwingiza nyuma ya pazia. Alipotoka alinawa mikono, akazungumza nao wote wawili kama mtu anayeeleza kazi ya pampu ya maji.

"Bwana Mohdhar, mwili wa mwanamume una dawa yake unayoitengeneza wenyewe. Ndiyo inayoleta ndevu, sauti, nguvu, na hamu. Wako, nadhani, unatengeneza kidogo mno. Nitajua tukipima mkojo. Wa mchana kutwa na usiku kucha, wote, usimwage hata tone. Mkojo huo utapelekwa Nairobi."

"Na kiwango cha mtu mzima ni ngapi?" Hindu aliuliza.

"Vitabu vyasema nane hadi ishirini." Daktari akapangusa miwani yake. "Kwa vitabu hivyo walipimwa Wazungu. Watu wa hapa hakuna aliyewapima. Mimi mwenyewe nilijipima chuoni nikapata saba, na nina watoto wanne. Kwa hiyo namba ni namba. Lakini lazima tuwe na pa kuanzia."

Hindu ndiye aliyebeba ile chupa, chupa kubwa ya lita mbili, chini ya buibui, akipitia vichochoro vya nyuma. Alifika hospitali ukumbi umejaa watu, na karani, mtu mwenye sauti ya mnadani, akaiinua juu na kuuliza, "Mkojo wa Mohdhar wa Mkomani, wa kwenda Nairobi, ndio huu?"

Kabla ya alasiri mji mzima ulikuwa na habari hiyo. Watu wa baraza walisema mkojo wa Kidevu umekwenda Nairobi kutafuta mwanamume wa kurudi naye.

Haukufika. Mto Tana ulifurika, na chupa ikakaa Garsen na mizigo mingine wiki tatu, ikarudi imevimba kizibo. Wakaanza upya. Mara ya pili ilifika, na jibu likachukua miezi miwili. Likaja: mbili.

"Mbili!" Mohdhar alinong'ona, kama mtu aliyesomewa hukumu.

"Hapo hata mimi sina shaka," alisema Daktari Rufus. "Iko sindano. Dawa ya mafuta, takoni, kila wiki tatu. Lakini nisikilizeni vizuri, nyote wawili. Itakupa ndevu, itakupa sauti, itakupa nguvu za kitandani. Mtoto haitakupa. Kiwanda chenyewe hakina mbegu, hakikuwa nazo tangu utotoni, na hakuna sindano duniani ya kuziweka. Umenielewa?"

"Nimeelewa," alisema Mohdhar.

"Mama, umeelewa?"

Hindu alisema ameelewa.

Hesabu ya muhula ilikuwa mbaya. Sindano ya kwanza ilidungwa mwezi wa kumi na moja wa muhula. Siku kadhi alipowaita, Mohdhar alikuwa amedungwa mara mbili tu, na alichopata ni chunusi mgongoni na uchungu wa tako. Usiku wa kuamkia siku hiyo alilia. Alimshika Hindu miguu.

"Usiniwate, usiniache," alisema. "Ukiniwata leo, hata ndevu zikimea kesho, ntakuwa Kidevu mpaka kaburini. Mpe Mungu muda, Hindu. Nami ntakulipa."

Hindu alikuwa mwanamke anayeogopa Mungu. Alikuwa hajawahi kufungua swaumu hata kwa siri. Asubuhi alisimama mbele ya kadhi, mama yake akiwa pembeni ameshika mkoba tayari kumrudisha nyumbani, na kwa kuwa alikuwa mjane, si mwanamwali, hapakuwa na cha kukaguliwa. Lilikuwa neno lake tu. Kadhi akamtaka ale yamini. Akala.

"Wallahi, amenifikia."

Bi Alawiya alitoka bila kumtazama. Hindu alirudi nyumbani na mumewe.

Mwezi wa pili baada ya hapo sauti ikavunjika. Ilivunjika mbaya, siku nyingine nzito, siku nyingine kama mlango wenye kutu, na watoto wakamfuata njiani wakimwigiza. Kisha ikatulia chini, nene. Ndevu zikaanza kwenye kona za kidevu, zikapanda mashavuni. Mabega yakajaa. Na usiku mmoja Mohdhar akatoka ukingoni mwa kitanda, na kiapo cha Hindu kikawa kweli, kikiwa kimechelewa miezi mitano.

Mkojo ukapelekwa tena. Ukarudi kumi na nne. Daktari aliandika namba hiyo kwenye karatasi yenye mhuri, na chini yake neno moja la Kiingereza, akawafasiria: kawaida.

Mohdhar aliichukua karatasi hiyo kwa fundi akaitilia fremu. Akaitundika sebuleni, mahali mgeni anapotazama kwanza.

Watu walipoona baadaye alivyobadilika tabia walisema sindano ndizo zilizomgeuza. Hindu hakuamini hivyo. Dawa ilimpa Mohdhar ndevu na sauti, lakini maneno aliyokuja kuyasema kwa sauti ile hayakutoka kwenye kichupa. Alikuwa ameyasikiliza miaka kumi na tano kutoka barazani, na sasa, alipokaribishwa kukaa, ilionekana aliyahifadhi yote. Alikuwapo kijana aitwaye Jeilani, mfuma kofia, mwembamba, mwenye miaka ishirini na kidevu kitupu. Mohdhar alimshika kidevu hicho mbele ya watu, akakigeuza huku na huku kama anunuaye papai, akasema, "Hili bado. Lifunikwe majivu liive."

Baraza ikaanguka kwa kicheko. Hindu aliisikia nyumbani kwake, kupitia dirisha la juu, na katika kicheko kile aliitambua sauti ya mumewe.

Mwaka mmoja na nusu wakaishi hivyo. Kisha Mohdhar akaanza kuuliza mbele ya wageni, kwa utani kwanza, mbona nyumba ina mwanamume na haina mtoto. Bi Alawiya, ambaye sasa alimpikia mkwewe biriani kila Ijumaa, alicheka naye. Utani ukakoma kuwa utani.

"Nimeposa huko Shela," Mohdhar alimwambia Hindu asubuhi moja, akikata ndevu zake mbele ya kioo. "Mwana wa kike wa miaka kumi na saba. Saadiya. Wazee wake hawataki ukewenza. Kwa hiyo nimekuwata."

Hindu alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Alikiweka chini polepole.

"Umeniwata kwa lipi?"

"Nataka mtoto. Wewe tasa."

"Daktari alikwambia nini, Mohdhar? Mimi nilikuwapo. Alituuliza wote wawili kama tumeelewa."

Mohdhar alielekeza mkasi ukutani. "Karatasi ya daktari ile pale. Yasema kawaida. Yako wewe iko wapi?"

"Ntawambia watu."

"Wambie." Aligeuka, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, hilo ndilo Hindu alilolikumbuka zaidi. "Wambie kuwa sikuwa kitu. Mbele ya kadhi ulisema nimekufikia. Basi ama ulimdanganya kadhi wakati ule, ama wadanganya sasa. Chagua, kisha uone watakuita nani."

Akampa siku mbili za kukusanya vitu. Daktari Rufus alikuwa amehamishiwa bara mwezi uliotangulia, na hospitali hakukuwa na mtu mwingine aliyejua habari ya mbegu.

Hindu alirudi kwa mama yake. Wanaume wawili walileta posa na wakaiondoa walipoambiwa na majirani kuwa ni tasa. Alishona mito, alikaanga mahamri akayauza mlangoni, na wanawake walionunua walificha watoto wao wachanga ndani ya leso walipofika kwake, ili jicho lake lisiwashike. Yeye aliona kila walipofanya hivyo.

Saadiya alikuja mwaka wa pili wa ndoa yake. Alikuja mchana wa jua kali, mtaa umelala, akavua buibui ndani ya ukumbi, na alikuwa mdogo kuliko Hindu alivyofikiri. Alikaa kwenye mkeka bila kugusa kahawa.

"Bi Hindu, nisamehe kwa kuya kwako. Ulikaa naye miaka mitano. Yeye huniambia ni mimi. Mama yangu pia asema ni mimi. Karatasi iko ukutani. Nambie wewe. Ni mimi?"

Hindu alimtazama. Kile kiapo hakikumzuia, na alilijua hilo vizuri. Alikuwa ameapa kuhusu kitanda, hakuapa kuhusu mbegu. Maneno matatu yangetosha. Lakini alimwona msichana yule amevaa vikuku vya fedha alivyovivaa yeye Hindu zamani, vile Mohdhar alivyomwambia viwate, si vyako. Aliona mashavu yake mabichi. Akamfikiria akirudi nyumbani na ukweli ule, akiwa mwepesi, akilala usingizi, wakati yeye Hindu hakuwa amelala usingizi wa haki tangu siku ya kadhi.

"Ni wewe, mwanangu," alisema. "Yeye ni mzima. Kwani hukuisoma karatasi?"

Saadiya aliinamisha kichwa.

"Huko Faza kuna mganga," Hindu akaongeza, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa upole wake. "Nenda mapema, kabla hajakuwata."

Saadiya alikwenda. Mganga wa Faza alimnywesha mizizi siku tisa, na ilipokuwa haileti kitu, akamchoma tumbo kwa chuma cha moto, alama saba chini ya kitovu, ili kufungua njia ya mtoto. Alama tatu zikaoza. Alirudishwa Shela kwa mama yake akiwa na homa, na Mohdhar akatuma talaka kwa barua, bila kwenda mwenyewe.

Hindu alisikia habari hizo kwa wanunuzi wa mahamri. Kesho yake alipika uji wa mchele, akautia kwenye chungu, akatembea pwani mpaka Shela. Njiani aliyapanga maneno. Angeomba wawe wawili tu chumbani. Angeanza na chupa, na mto Tana, kisha yale daktari aliyoyasema baada ya jibu kuja.

Mama yake Saadiya alimpokea mlangoni na kumkumbatia. Ndani, msichana alikuwa amelala ubavu, macho wazi, na chumba kilinuka usaha na ubani.

"Saadiya, mtazame Bi Hindu amekuya," mama alisema, akilia. "Mji mzima walimcheka mwanangu, Bi Hindu. Ni wewe peke yako uliyemwambia kweli. Mungu akulipe."

Saadiya alinyoosha mkono akamshika Hindu kidole. Ulikuwa wa moto sana. Alingoja, kana kwamba alijua kuna neno linalokuja.

Hindu alimlisha uji vijiko sita. Alimpangusa mdomo kwa ncha ya leso. Halafu akasema jua linazama na ndia ni ndefu, akainuka. Mama akaumimina uji uliobaki kwenye bakuli, akamlazimisha achukue papa mkavu, kipande kikubwa, cha kumshukuru, na Hindu akakipokea kwa mikono miwili, akakitia ndani ya chungu kilichobaki kitupu, akashika pwani kurudi Amu.