Kikuba cha Huwaida

Miezi miwili Huwaida wa Siyu alihesabu chavua, vumbi la maua, katika tope lililochimbuliwa chini ya bahari. Mto ndio ulioileta kutoka mlimani, na kwayo yeye hujua baridi ya zama za kale.

Wiki ya arusi ya dadake, ndani ya tope la miaka elfu ishirini, akaona chavua ya asumini ya bustanini. Akainama akakinusa kikuba, kishada cha asumini na rihani alichojipamba kifuani kwa arusi.

“Iondoe hiyo moja,” akasema Fawaz, mwenzake wa maabara.

“Na ya rihani? Mlimani huota mimea ya jamaa yake, na chavua zao hufanana. Nitaitambuaje, bwana?”

Akamwaga sampuli zote za wiki ile, akaanza upya. Sasa kikuba hungoja msumarini nje ya mlango, na Huwaida hukoga mara mbili kabla ya kuugusa mlima uliomo topeni.